Wifi wa Godauni la Mpemba

Wapo watu ambao ukitaka kuwasifu meno yanakuuma. Wifi yangu ni mmoja wao. Mji mzima wa Mpemba, hapa jirani na Tunduma, unamsifu bila kutoa jasho, lakini mimi nikianza, neno la kwanza linatoka vizuri na la pili linakwama kooni. Hata hivyo kazi inayonilisha leo nilijifunza kwake, na mtu aliyekufundisha kazi huwezi kumzunguka. Nitamsimulia alivyo, na pale wivu utakaponikamata nitasema wazi kwamba umenikamata.

Nilipoolewa nilimkuta tayari ni mtu mkubwa. Godauni lake liko kando ya barabara kuu, lina mabati yaliyopauka na mlango mpana wa kuingizia fuso kinyumenyume. Wengine walisema ana stoo, wengine walisema ni dalali, wengine walimwita mama wa mizigo. Yeye akiulizwa alijibu, "Mimi nakutanisha mzigo na gari, basi." Mahindi ya Ndalambo, mchele wa bondeni Kamsamba, maparachichi ya kwao Ileje, sabuni na chumvi na saruji kutoka Dar es Salaam, vyote vilipita kwake. Vingine vilivuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, na kuendelea hadi Kitwe, vingine viligeuka kurudi vijijini kwetu. Lori lake mwenyewe hakuwa nalo hata moja. Hilo liliniudhi tangu mwanzo, kwamba mwanamke asiye na lori ndiye madereva wa malori makubwa wanayemvulia kofia.

Mume wangu ni mdogo wake wa mwisho, na amekulia mgongoni mwake. Kwetu hakuna jambo lililoamuliwa bila yeye. Tukitaka kununua kochi, "Dada amesemaje?" Mtoto wetu Tumaini akipata homa, "Umempigia dada?" Siku moja nilimuuliza mume wangu kama hata kabla ya kunichumbia alimuuliza dada. Akasema ndiyo, wala hakuona haya.

"Alisemaje?"

"Alisema una mikono ya kazi."

Nilikaa na neno hilo muda mrefu nikiligeuza huku na huku, na mpaka leo sijajua kama lilikuwa sifa.

Wakati huo nilikuwa na kibanda cha sabuni na mafuta ya kula sokoni Tunduma. Wateja kutoka Zambia walikuwa wakija kuulizia mchele, nami nawaelekeza kwa wengine huku roho ikiniuma. Mwisho nikakodi gari na kujaribu mwenyewe. Dereva aliona nafasi imebaki juu ya magunia, akaijaza kwa katoni za sabuni, na jua la njiani likafanya kazi yake. Mteja wangu wa Nakonde alifungua gunia, akanusa, akanitazama kwa huruma. "Madamu," akasema, "huu mchele ukichemka utatoa povu." Nilirudi nao wote. Mume wangu aliposikia hakunigombeza. Alisema tu, "Nenda kwa dada ukajifunze." Ningependelea anigombeze.

Nikaenda. Lakini nilikwenda na jambo moja moyoni ambalo sikumwambia mtu. Nilitaka nijue kazi ile mpaka siku moja wifi aniachie godauni na aseme kwa mdomo wake kwamba linaweza kukaa mikononi mwangu. Sikutaka amwambie mume wangu, wala aseme kwenye kikao cha ukoo. Nilitaka aniambie mimi.

Somo la kwanza alilonipa lilikuwa kusimama mlangoni.

"Nifanye nini, wifi?"

"Usifanye kitu. Tazama."

Nikasimama. Upepo wa Tunduma mwezi wa sita mnaujua, unapita kwenye kanga na sweta unatafuta mfupa. Vijana wa kupakia walikuwa wanapishana na magunia mabegani, madereva wanapiga honi, wifi anapita katikati yao anatafuna mahindi ya kuchoma. Jioni akaniuliza nimeona nini. Nikasema nimeona watu wanafanya kazi.

"Anayefanya kazi kila mtu anamwona, maana anapiga kelele. Nani amekaa?"

Sikumjua. Akanihesabia kwa gunzi la muhindi. Fuso la Ndalambo lilikaa kwa sababu fuso jingine lilifunga njia ya kutokea. Vijana walikaa kwa sababu karatasi za mzigo zilikuwa bado mjini. Chumvi iliyotakiwa asubuhi ilikuwa imekaa nyuma kabisa, na ili kuifikia ikabidi saruji ihamishwe. "Mtafute aliyekaa," akasema. "Mtu, gari au gunia. Ukimjua aliyekaa na kwa nini amekaa, kazi hii umeijua nusu." Nilitaka sana neno hilo liwe la kijinga. Nililifikiria njia nzima mpaka nyumbani, na halikuwa la kijinga.

Alikuwa na misemo, na mingi aliitoa kwenye maisha ya watu akaivalisha magunia. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye alisema, "Mzigo ni mgeni, siku ya tatu mpe gari." Mzigo ukilala kwake zaidi ya hapo alikuwa anauzunguka kwa uso wa mwenye nyumba aliyechoka, anaupigapiga na kuuambia kwa sauti, "Wewe, ndugu zako hawakutafuti?" Kuhusu magunia ya zamani alisema, "Wazee wale kwanza," maana yake lililoingia mapema litoke mapema. Alikuwa na chaki aliyoichomeka ndani ya kilemba, na kila gunia lililoingia alilipiga alama, ili kijana asije akavuta lililo karibu kwa uvivu. Foleni ya mpakani hakuilalamikia kama sisi wengine. "Foleni ni jirani mlevi. Unajua yupo na unajua atakuja. Sasa unashangaa nini akigonga?" Mteja akitaka mzigo Alhamisi, wifi aliutoa kana kwamba umetakiwa Jumanne.

Na la kupanda na kushuka. "Wa mwisho kushuka apande kwanza." Hili alinifundisha kwa gari la Saza, kule kwenye machimbo ya dhahabu. Gari lilikuwa na vitu vya maduka ya njiani, na mwisho wa safari sepetu, kamba na unga wa wachimbaji. Aliyepakia alianza na vya njiani, kisha vya Saza akaviweka mlangoni kwa kuwa mwenye mzigo wa Saza ndiye aliyekuwa amesimama hapo akihimiza. Wifi akaja, akatazama, akaamuru vishuke vyote. Yule bwana wa Saza akawaka, mbona vyake vinashushwa, yeye amefika wa kwanza.

"Baba, umefika wa kwanza, nyumbani kwako ndiko mbali," wifi akamwambia. "Ukikaa mlangoni, tutaishusha Saza nzima barabarani ili tumpe mtu katoni moja ya chumvi. Ingia ndani ukae kwa heshima."

Yule bwana akacheka mpaka akashika tumbo. Mimi ningemwambia jambo lile lile, angeniita mkorofi. Hapo ndipo wivu uliponianza wa kweli. Sikumwonea kijicho kwa kujua. Kujua nilikuwa najifunza. Nilimwonea kijicho kwa namna watu walivyopokea kutoka kwake maneno ambayo wangeyatema yakitoka kwangu.

Mtu haendi ukweni mikono mitupu, alisema, basi na gari lisirudi hivyo. Mafuso ya Ndalambo yakishusha mahindi, madereva walizoea kurudi watupu wakipiga miluzi. Wifi hakuvumilia. Alijua nani kule anajenga na anahitaji mabati, duka lipi limeishiwa mafuta ya taa, shule ipi inangoja madawati. Aliyajuaje? Alikwenda kwenye misiba. Hakukosa msiba, na msibani alilia kweli, machozi ya kulowesha kanga, hakuwa anaigiza. Lakini akirudi alikuwa anajua ukoo ule umeanza msingi wa nyumba na saruji watanunua lini. Niliwahi kumuuliza kama haoni aibu. Akanishangaa. "Wifi, nimelia, nimepika, nimelala chini kwenye mkeka. Masikio nayo niyaache nyumbani?"

Sasa niseme la sebule yake, maana nalo ni la kweli na linanipa raha. Mwanamke huyu ambaye godauni lake unaweza kutembea umefumba macho, ambaye magunia yake yalikaa juu ya chaga za mbao mbali na ukuta ili yapumue, nyumbani kwake palikuwa hapapitiki. Makopo ya siagi yaliyokwisha, ndoo zisizo na mishikio, kalenda za miaka iliyopita, viti vya kuvunjika vinavyosubiri fundi, redio ambayo marehemu mumewe aliiacha ikiwa mbovu. Kulifikia kochi ulipita ubavu. Funguo zake alizitafuta kila asubuhi huku akiwalaumu watoto ambao walishahama. Kwaya ya kanisani aliimba sauti ya pili, na watu walitania kwamba ni kwa sababu hufika kwenye wimbo wa pili.

"Wifi, mbona mzigo huu haupewi gari?" nilimuuliza siku moja nikiwa nimebanwa kati ya ndoo na meza.

"Huo si mzigo. Huo ni wa kwangu," akasema, na akanipa chai ndani ya kikombe kisicho na mkono.

Kila wivu uliponizidi mchana, nilikwenda nyumbani kwake kuomba maji ya kunywa, ili tu niione ile sebule. Nilikunywa maji mengi sana miaka ile.

Madereva wa Zambia walimwita Bamayo, ndiyo mama kwa Kibemba, tena mama wa heshima. Mimi waliniita madamu, kama wanavyomwita mwanamke yeyote mwenye mkoba. Yeye Kibemba kilimtoka kama maji, alikipata utotoni kwa ndugu zao wa ng'ambo. Alisimama mlangoni simu sikioni, "Mulishani, mulishani," ndiyo salamu yao, kisha kicheko kirefu, kisha maneno mengi ya haraka, na akikata simu mzigo umeshapata gari. Mimi nilikuwa na Kibemba cha sokoni, cha kuuliza bei na kusema asante. Nilipowapigia walinijibu kwa Kiswahili cha polepole, kama wanamsemesha mgonjwa.

Nikaona dawa ni shule. Nilimshawishi mume wangu, naye kwanza alimuuliza dada, dada akasema vizuri aende. Nikaenda Mbeya kwenye mafunzo mafupi ya usafirishaji na ugavi. Nilijifunza kwa bidii. Nikarudi na maneno mapya, mnyororo wa ugavi, akiba ya tahadhari, muda wa kungoja. Nilikuwa nimejiandaa kumwona wifi akiyacheka, na nilikuwa na majibu tayari. Hakuyacheka. Alivuta kigoda akaniambia nimfundishe. Aliuliza maswali mazuri, akanirudisha nyuma pale nilipokimbia. Akiba ya tahadhari aliipenda mno. "Yaani kile kigunia mama anachokificha uvunguni asimwambie baba," akasema, na mimi mwenyewe ndipo nikaielewa vizuri. Kabla wiki haijaisha alikuwa anaitamka mbele ya wafanyabiashara, na ilimkaa kama alishonewa. Mmoja akaniambia, "Wifi yako anasoma sana eeh?" Nikasema eeh.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kitu changu kikiingia kwake kinatoka kwa jina lake. Na hakuna kilichoniuma kama *mailo*.

Wanaofanya biashara na Wabemba wanalijua neno hili. Mailo ni kesho. Mailo pia ni jana. Anayekijua Kibemba hapati shida, kwa sababu maneno mengine ya sentensi humwambia ni mailo gani. Sasa msimu mmoja wa maparachichi tulikuwa tunangoja gari la baridi kutoka Kitwe. Parachichi halichumwi mapema. Likichumwa linaanza safari yake lenyewe, gari liwepo lisiwepo. Kwa hiyo wakulima wa Ileje walikuwa wameshika vikapu wakingoja neno la wifi, na wifi akingoja neno la Kitwe. Simu ikaja mchana tukiwa wote mlangoni. Mtandao ulikuwa unakatika. Wifi akaweka sauti kubwa, nasi tukasikia, "Bamayo... motoka... mailo," kisha ikafa.

"Gari linatoka kesho," wifi akasema. "Waambieni wakulima wasichume kwanza."

Mimi ambaye Kibemba changu kilikuwa cha kuunga, kila nilichokisikia ilibidi nikiulize mara mbili. Nikauliza, "Wifi, mailo ipi? Ya kesho au ya jana?"

Akacheka. Alicheka vizuri, bila dharau, na vijana wakacheka naye. "Mke wa mdogo wangu ananifundisha Kibemba," akasema.

Kesho yake kabla ya chakula cha mchana dereva akapiga simu. Yuko Nakonde, amepita foleni vizuri, gari linaunguruma kwa baridi, mzigo uko wapi? Mailo ya ile simu ilikuwa ya jana, alikuwa ameondoka Kitwe siku moja kabla yake. Na maparachichi yetu yalikuwa Ileje, juu ya miti.

Nilimtazama wifi. Kilemba kilikuwa kimesogea, na chaki ikaanguka asiiokote. Kwa mara ya kwanza nilimwona mtu aliyekaa, na alikuwa yeye. Nitasema ukweli, moyo wangu uliruka kwa furaha, japo hasara ile ilikuwa yetu sote. Nilingoja ageuke aniambie, wifi, ulikuwa sahihi. Aligeuka, akaniambia, "Piga Ileje, wachume walio karibu na barabara tu. Mimi nazungumza na Kitwe." Tukafanya hivyo. Gari liliondoka limejaa nusu, mteja akanuna, akabembelezwa kwa Kibemba kizuri, akabaki.

Baada ya hapo aliwaita watu wote mlangoni. Nikajua sasa saa yangu imefika. Nikarekebisha kanga.

"Sikilizeni," wifi akasema. "Kuanzia leo, mtu akikutajia siku, hata kama unamjua, hata kama ni mama yako, muulize, mailo ipi? Gari jana au gari kesho? Mailo ipi?"

Watu wakapenda. Wakacheka, wakarudia. Madereva wakalivusha mpaka. Mkifika mezani kwa mama ntilie pale Mpemba mkakubaliana kukutana, kuna mtu lazima atasema, "Kama asemavyo Bamayo, mailo ipi?" Kuna fuso moja, naliona mpaka leo, limeandikwa nyuma kwa rangi nyekundu, MAILO IPI? Mume wangu aliliona siku moja tuko pamoja akatikisa kichwa kwa mapenzi. "Dada ana akili," akasema.

"Nililisema mimi," nikamwambia. "Mbele ya watu wote. Mimi!"

"Si kitu kimoja, mama Tumaini? Nyie si ndugu?"

Sikupika siku ile. Nilisema kichwa kinaniuma, na kweli kilikuwa kinaniuma.

Sidhani kama aliniibia. Nimefikiri sana na nimeona kwamba hakukumbuka lilitoka wapi. Neno lilikuwa limelala kwangu, yeye akalipatia gari. Hilo ndilo baya zaidi, kwa sababu mwizi ungemshika mkono.

Magoti ndiyo yaliyomtoa. Kusimama kwenye sakafu ya saruji miaka yote ile, daktari akamwambia basi, na yeye akaamua kurudi kwao Ileje kwenye nyumba aliyoijenga katikati ya kahawa. Watu walijaa asubuhi ya kuondoka. Kwaya ilikuja, na safari hii yeye alikuwepo kuanzia wimbo wa kwanza. Dereva mmoja wa Ndola, mwanamume mwenye mwili kama mlango, alilia wazi. Mimi nilikuwa nangoja. Nilijua atanikabidhi godauni, jambo hilo ukoo ulishalisema. Nilichongoja ni neno.

Akanipa funguo ndani ya kopo la siagi. Akanishika bega.

"Mlango wa nyuma unabana," akasema. "Uinue kidogo ndipo usukume."

Akapanda gari.

Mwaka uliofuata nilifanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Niliubadilisha mlango ule wa nyuma kabla ya kitu kingine chochote. Nikapanga upya njia ya magari ndani ya yadi, yaingie huku yatokee kule, pasiwe na wa kumfungia mwenzake. Nikawa nawapigia madereva wakiwa bado mbali na mpaka, ili kila mmoja akute vijana wake na karatasi zake. Mambo yalikwenda. Lakini kila dereva akishuka aliangalia nyuma yangu kwanza, ndani ya godauni. "Madamu, Bamayo hajambo?" Nilikuwa nasema hajambo. Kisha nikagundua kwamba wanampigia simu. Nilimsikia mmoja nje ya dirisha langu, amechuchumaa kivulini mwa tela, anacheka, "Bamayo, Bamayo," kwa muda mrefu. Mzigo wake nimempakia mimi, na mwenye gumzo lake yuko Ileje! Nikaona kumbe godauni ni langu kwa funguo tu, watu bado ni wake, na labda kila ninaloamua wanamuuliza kama ni sawa. Nilikosa usingizi kwa ajili hiyo. Nikapungua mpaka watu wakaniuliza.

Basi nikamwambia mume wangu twende tukamwone dada yake. Alifurahi sana. Hakujua nakwenda kumwambia aache kupokea simu zile.

Barabara ya Isongole, ya kwenda kwao Ileje, siku hizi ni lami, unapanda milima huku unaona mashamba yanateremka chini ya ukungu. Tulimkuta uani, ameketi kwenye kigoda, miguu ameinyoosha juu ya gunia, anapukuchua maharage. Alikuwa amenenepa kidogo. Mlangoni nyuma yake niliziona ndoo.

"Shikamoo wifi."

"Marahaba wifi yangu. Mmekuja kimyakimya hivi, kuku ningemkamata lini?"

Mume wangu akasalimia, akala ndizi, akaenda kuangalia kahawa kama wanaume wanavyofanya wakifika shambani. Tukabaki wawili. Nilivuta ungo nikaanza kupukuchua naye, nikitafuta pa kuanzia. Simu yake ikalia kwenye kizingiti cha dirisha. Akanyoosha shingo akaitazama, akaiacha. Ikalia mpaka ikachoka.

"Si upokee, wifi."

"Ni yule wa Ndola."

"Anataka nini?" Sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyokusudia.

"Anataka kunisimulia."

"Akusimulie nini?"

Akapukuchua ganda moja, na jingine. "Wewe," akasema. "Wanataka nini kingine? Juzi mmoja kanisimulia habari za yadi, magari yanaingia huku yanatokea kule, hajawahi kuona. Mwingine kasema hata viatu hajavua, ameshapakiwa. Huyu wa Ndola ndiye mbaya zaidi, yeye anakuiga mpaka sauti." Akatupa maganda chini. "Zamani walinipigia kuniuliza. Sasa hakuna anayeniuliza kitu. Wananipigia kunisifia mtu mwingine, na wanadhani wananifurahisha. Nikikata simu nakaa hapa roho inaniuma siku nzima, hata maharage hayapukuchuki."

Mikono yangu ilikuwa imesimama ndani ya ungo.

"Nakuonea wivu, wifi," akasema. "Wivu mbaya. Nimeuombea kanisani unitoke, hautoki. Godauni lile ni lako. Unaliendesha kuliko nilivyoliendesha mimi."

Hakunitazama aliposema. Alikuwa anatazama kahawa yake, na kidevu kilikuwa kinamcheza. Mtu mwenye roho nzuri angeweka ungo chini akamshika mkono. Nilijua kabisa kwamba ndivyo inavyotakiwa. Ua ulikuwa kimya, jani halikutikisika, hata mume wangu huko shambani hakusikika.

"Sijasikia vizuri, wifi," nikamwambia. "Upepo."

Akageuka akanitazama usoni. Kisha akasogeza kigoda mpaka magoti yetu yakagusana, akasafisha koo, na akarudia.